Uzoefu wangu: Tulivyobaki na PHP 8.3 badala ya kuhamia Node.js

Ninatunza mfumo wa chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza: hisa, mikopo, marejesho, riba. Uliandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, toleo la 5.6, ambalo liliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa 2018. Tuliendelea nalo kwa sababu lilikuwa likifanya kazi, mpaka kampuni inayotuhifadhia mfumo ilipotangaza kwamba inaondoa PHP 5 kwenye seva zake zote. Hapo ikabidi tuamue.

Django, zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, niliipenda, hasa ukurasa wa usimamizi unaokuja nao tayari, ila kati ya vijana wanaonisaidia hakuna anayeijua Python vizuri. Node.js, inayoendesha lugha ya JavaScript kwenye seva, niliijaribu kwa dhati. Niliandika upya sehemu ya kuingia na taarifa ya mikopo, na kasi yake ilinifurahisha. Lakini programu ya Node hubaki hai muda wote. Ikianguka usiku lazima pawe na kitu cha kuiinua, na kwetu hilo lilimaanisha kukodi seva yetu na kuilinda wenyewe. PHP hulianza na kulimaliza kila ombi peke yake. Ukurasa mmoja ukigoma, karani wa dirisha la pili anaendelea kupokea akiba. Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa zamu, hilo lina uzito kuliko kasi.

Basi tukaenda 8.3.

Kazi ya wazi ilikuwa mysql_query na ndugu zake, amri za zamani za kuongea na hifadhidata, zilizoondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015. Tulihamisha zote kwenda PDO, njia mpya zaidi ya kuongea na hifadhidata, na kwa kutenganisha amri na data tukaziba mianya ya mtu kupenyeza amri zake kupitia fomu. Rector, zana inayorekebisha msimbo wa PHP yenyewe, ilitubadilishia mengi ya aina moja kwa mkupuo. Makosa ya namna hii hayakunisumbua, maana yanapiga kelele: ukurasa haufunguki, unajua pa kwenda.

Kilichoninyima usingizi ni kosa lililo kimya. Kwenye mfumo wa zamani tulikuwa na sharti la kuuliza kama kiasi cha marejesho == 0 (alama mbili za usawa huuliza kama vitu viwili ni sawa); kama ndiyo, mwanachama huyo hajalipa. Karani akiacha kisanduku wazi, PHP ya zamani ilihesabu maandishi matupu kuwa sawa na sifuri. Kuanzia 8.0 si sawa tena. Kwa hiyo kwenye majaribio, wanachama ambao visanduku vyao vilikuwa vitupu walitoka kwenye orodha ya wadaiwa, na hakuna onyo lolote lililotokea. Tuligundua kwa sababu tulichapisha ripoti ya mwezi uleule kutoka mifumo yote miwili tukazilinganisha mstari kwa mstari. Mabadiliko yenyewe nayaunga mkono kabisa, lakini hii ni pesa ya mama ntilie na wavuvi, nami sikubali iguswe na alama mbili za usawa. Tulipitia kila ulinganisho kwa mkono. Ukihama, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Maneno ya siri yalikuwa yamehifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuyaficha ambayo si salama tena. Sasa mtu akiingia mara ya kwanza tunayahifadhi upya kwa password_hash, funksheni ya PHP ambayo kwa kawaida hutumia njia imara zaidi iitwayo bcrypt. Angalia safu yako ya hifadhidata: md5 ina herufi 32, bcrypt ina 60. Safu ikiwa fupi, neno linaweza kukatwa na mwanachama asiingie tena.

Kuhama kulituchukua wiki saba, sehemu kwa sehemu, dirisha la akiba likiwa la mwisho. Naipa PHP 8.3 nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu mpangilio wa funksheni zake bado unachanganya: strpos (hutafuta ndani ya maandishi) inataka kwanza mahali pa kutafuta, in_array (hutafuta ndani ya orodha) inataka kwanza kinachotafutwa, na kijana mpya ninayemfundisha hukwama hapohapo kila wiki.