Dubai kwenda Guangzhou: masaa ya kwenda sio ya kurudi

Nipo Dubai, na mwezi wa kwanza nilienda Guangzhou, China, kufuata mzigo, mara yangu ya kwanza kupanda ndege ya moja kwa moja maana zamani nilikuwa naunganisha. Naandika hapa kwa sababu kabla ya safari niliingia kwenye zile tovuti za kupima umbali, zikanipa kama kilomita 5,800 na masaa 7 na kitu, nikapanga kila kitu kwa hesabu hiyo hiyo ya kwenda na kurudi. Nilikosea.

Kwenda tuliruka saa 5 kasoro asubuhi, tiketi inaonyesha kufika 22:00, yaani saa 4 usiku ya kule. Ukitoa haraka haraka unapata masaa 11, lakini China wapo mbele ya Dubai masaa 4, kwa hiyo angani ni kama masaa 7, na sisi tulitumia pungufu ya hapo. Nilikaa dirishani. Skrini ilisoma kilomita 1,050 kwa saa tulipokuwa juu ya India, maana kule juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki na wakati wa baridi ndio unazidi, unaisukuma ndege kwa nyuma. Na kwa kuwa unalikimbilia giza, siku inakatika ghafla: nimekusanya Adhuhuri na Alasiri kwenye kiti, chakula kimetolewa, sijamaliza hata chai naona jua linazama upande wa mkia, masaa manne tu tangu turuke! Nilibaki naangalia ule wekundu mpaka ukaisha. Nimeipenda sana safari hiyo.

Kurudi sasa. Ule upepo unaupokea usoni, skrini haikuvuka 800, na kutoka mlangoni mpaka mlangoni ni masaa 8 na dakika 40. Tiketi inasema unaondoka 00:15 unafika 04:55, mtu anaona masaa manne na dakika 40 anafurahi, kumbe ni yale yale masaa manne ya tofauti yamejificha humo. Usiku wenyewe hauishi, unalala unaamka bado giza, miguu imevimba. Chukua soksi za kubana miguu na kiti cha njiani ili unyanyuke utembee.

Ila kilichoniuma zaidi ni hiyo 00:15. Tiketi ikiandika Ijumaa 00:15 ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi saa 3 usiku uwe umeshafika eapoti. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye Xiaobei, mtaa wa kule Guangzhou, yeye alijua ni Ijumaa usiku, nikamkuta anafunga maboksi taratibu, nikamwambia dada angalia tiketi yako vizuri, akasema bado ana siku nzima. Sikumbana vya kutosha, nikaenda zangu kununua chaja. Ndege ikamuacha, akalipa tiketi nyingine kwa pesa ya mzigo, mpaka leo roho inaniuma.

Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja naipa alama zote, hasa kwa mwenye haraka. Zile tovuti tumia kwa kujua umbali tu, na ujue ndege haikati mstari ulionyooka kama wanaouchora, inafuata njia zake za angani. Masaa soma kwenye tiketi yenyewe, toa 4 ukienda, ongeza 4 ukirudi. Na ukifika Baiyun, eapoti ya Guangzhou, saa 4 usiku, mpaka uvuke uhamiaji na kupata mabegi treni ya chini inakuwa inakaribia kufunga, tenga hela ya teksi.