Vua kiriba kwanza, maua utayaona baadaye

Mwaka juzi, masika yalipokaribia, nilinunua miche sita ya maua ya iksora ya kupanda kando ya ukuta hapa Goba, Dar es Salaam. Zilikuwa zimechanua hasa, vishada vyekundu kila tawi. Muuzaji alianza na 15,000 kwa mche, tukashuka hadi 12,000, nikaondoka najiona mjanja. Mwezi wa kwanza shwari. Wa pili maua yakapukutika, nikasema zinazoea mazingira. Kufika Agosti majani yalikuwa ya njano, na samadi niliyokwisha kuzipa ingetosha shamba la mahindi. Siku moja nikashika shina, nikavuta kidogo tu. Likatoka zima mkononi kama karoti.

Mizizi ilikuwa imejisokota, duru juu ya duru, kama ngata ya kubebea ndoo. Nilipoipasua nikakuta sababu: kiriba kidogo cheusi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, kizima kabisa, kimebaki katikati. Yaani jamaa alichukua mche mdogo, akautumbukiza na kiriba chake ndani ya kiriba kikubwa, akajazia udongo, akaniuzia kwa bei ya mche mkubwa. Nikang'oa na mingine. Kati ya sita, mitano ilikuwa hivyo. Nilipigwa mchana kweupe.

Kwa hiyo mnaoniuliza nipande nini ili bustani iwe na rangi mwaka mzima, rangi tuiache kwanza, maana hata mtoto anaiona. Shika kiriba. Kiminye: kikiwa kigumu kama tofali, mizizi imekosa pa kwenda na inazunguka. Kikiwa kimelegea kama mfuko wa sukari, mche umehamishiwa humo juzi tu. Halafu shika shina chini kabisa, litikise taratibu. Likicheza peke yake huku udongo umetulia, rudisha. Inua uangalie matundu ya chini. Ukiona kiriba kimegoma kuinuka, mizizi imeshazama ardhini pale kitaluni, na muuzaji atakapokivuta itakatika. Utafika nyumbani na mche unaomwaga majani. Mwisho omba kiwembe, chana upande mmoja kama urefu wa kidole, uchungulie. Mizizi myeupe inayoshuka chini ndiyo unayotaka. Iliyojizungusha kidogo kwa krotoni au haibiskasi si msiba, unaikata kwa kisu pande tatu kabla ya kupanda, itachipua upya. Iliyogeuka ngata, mwachie mwenyewe.

Sasa tupange. Namba moja ni bogenvilia, na sitaki ubishi. Na kama unaweza kuchagua, chukua aina iitwayo Mary Palmer: mche mmoja, tawi hili jeupe, lile la zambarau iliyokolea, jingine lina rangi zote mbili. Tunachokiita ua pale ni majani yaliyojigeuza rangi, ua lenyewe ni kale kamrija keupe katikati, ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi bila kunyauka. Kuna na ndugu yake, Thimma, yenye majani ya kijani na njano, kwa hiyo hata maua yakipumzika ukuta haubaki mtupu. Bogenvilia inataka jua la kutwa na kiu kidogo. Ukiimwagilia kila siku inakulipa majani matupu. Kwa sisi tunaonunua maji ya boza, hiyo si sifa ndogo. Ikimaliza kuchanua ipogoe, maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Ila mizizi yake ni laini, haitaki kutikiswa wala kukatwakatwa. Kata kitako cha kiriba, weka shimoni, kisha chana ubavu na uvute plastiki pole pole. Plastiki yote, tafadhali.

Ya pili krotoni. Haina maua ya kujivunia na haiyahitaji, majani yenyewe ni mekundu, njano na machungwa Januari hadi Desemba, mradi ipate mwanga. Nyingine niliiweka chini ya mwembe ikarudi kijani kama mchicha. Utomvu wake ukigusa nguo, doa halitoki, nina kanga inayoshuhudia.

Iksora bado naipenda, naiweka ya tatu. Usiipande ukutani kama nilivyofanya mimi. Simenti na chokaa vinavyodondoka wakati wa ujenzi vinaharibu udongo kwa ajili yake, na udongo wetu wa pwani wenye matumbawe ni vilevile. Jani linakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Zile tano ziliuawa na kiriba. Ya sita, iliyokuwa salama, ilidhoofishwa na ukuta.

Haibiskasi inafungua ua asubuhi, kwa kawaida linajikunja siku hiyohiyo, kesho jingine. Angalia chini ya majani kama kuna unga mweupe, hao ni wadudu waitwao vidung'ata, utawapeleka kwa maua mengine yote. Oleanda inavumilia ukame kweli, lakini ni sumu kuanzia jani hadi mzizi, na huku kwetu mbuzi wa jirani hawapigi hodi. Duranta na akalifa ni za bei rahisi. Omba vipandikizi kwa mwenye nazo.

Kuhusu bei sina la kusema zuri. Kitaluni hawaangalii mche, wanaangalia umeshuka kwenye nini. Nilipokwenda na gari la shemeji, Mary Palmer ilitajwa 40,000, eti ni "ya Thailand". Wiki iliyopita nikarudi kwa bajaji, kitalu kilekile, ikawa 18,000 na Thailand haikutajwa. Nikaomba kiwembe.

"Mama, ukichana nani atanunua tena?"

"Mimi, kama kiriba ni hiki kimoja tu."

Akaurudisha mche nyuma kwa mguu, akaenda kuniletea mwingine.