Walinifutia ipisodi ya 15

Naandika hasira zikiwa bado za moto, mnisamehe.

Kwa miaka kadhaa muvi zangu naingizia duka moja hapa Mwanga, Kigoma, karibu na soko. Picha zao safi, sauti haikwamikwami, haki yao siwezi kuwanyima. Lakini walichonifanyia kwenye ile tamthilia ya Supernatural, sizoni ya 6, hapana.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekuja likizo. Hadithi hii tumeanza kuifuata akiwa bado sekondari: ndugu wawili, Dean na Sam Winchester, wanazunguka na gari lao jeusi, Impala, wakiwinda mashetani. Sisi tulilelewa na bibi, wawili tu, kwa hiyo wale vijana tumewabeba moyoni. Kila usiku nikishafunga genge tunaangalia mbili, tatu. Tukafika ya 14. Kubonyeza inayofuata, ikaja ya 16.

Asubuhi nikarudi dukani na flashi yangu. Kijana wa kaunta alikuwa na kipande cha muhogo mkono mmoja, mausi mkono wa pili. Nikamsalimia vizuri tu, "Habari za asubuhi, mdogo wangu." Kimya. Nikamweleza shida yangu, ndipo akasema bila kuninyanyulia macho:

"Ile nimeifuta, dada. Mbovu. Wameacha makamera humo ndani, mtu anapiga kelele, waigizaji wanaitwa kwa majina yao. Watu walikuwa wananirudishia flashi."

Nikamwambia iko hivyo makusudi, shoga yangu wa Tabora ameshanisimulia. Akanijibu mbele ya wateja: "Dada, wewe unaangalia muvi au unahesabu?"

Nilitoka pale natetemeka. Siku chache baadaye mdogo wangu akapanda treni kurudi Dar, hajaiona.

Nimekuja kuipata Ujiji, picha ina ukungu lakini ipo. Inaitwa The French Mistake, ilionyeshwa Marekani mwaka 2011. Dean na Sam wanarushwa dirishani, wanaangukia kwenye dunia yetu hii, na huku wao ni waigizaji tu, Jensen Ackles na Jared Padalecki. Uchawi huku haushiki. Dean anakuta Impala zimepangwa kadhaa, roho inamchafuka. Wanasukumwa mbele ya kamera, kuigiza hawajui: Sam mikono haijui pa kuiweka, Dean anatamka kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Misha Collins, yule anayeigiza malaika Castiel, anakuja kama yeye mwenyewe, na anachinjwa kichochoroni. Hiyo ndiyo mbovu? Hiyo ndiyo ya kufuta?

Jirani yangu tuliyeiangalia naye alikasirika. Anasema wametudharau, mtu umemliza sizoni sita, leo unamwonyesha kuwa machozi yake yalikuwa ya watu wanaolipwa mshahara. Namwelewa kidogo. Yule kijana naye, nikitulia, huenda aliona makamera akaamini kweli faili limeharibika. Siyo kila mtu atavumilia dakika kumi ajue linaelekea wapi.

Lakini kama angevumilia! Kwenye ile dunia wale waigizaji wawili hawasemeshani, mpaka watu wa kazini wanashangaa kuwaona wanaongea. Wana hela, wana majumba, hakuna shetani wa kuwawinda. Na bado wanataka kurudi kwao kwenye shida, kwa sababu huku hawana maana waliyo nayo kule. Huku hata si ndugu. Sam alipolisema hilo nilisimamisha picha, nikabaki naangalia ile stuli ya mdogo wangu pale ukutani. Jirani akaniuliza kulikoni, nikashindwa kumjibu. Hii ndiyo walitunyima, sisi wawili, siku ambazo tulikuwa chumba kimoja.

Nilisema siendi tena pale. Juzi nimekwenda, kwa sababu sizoni ya 7 ya Ujiji ilikuwa haitazamiki. Yule kijana yupo, safari hii kaniamkia. Sikuondoka. Nilimwambia afungue flashi palepale kaunta, tukazihesabu wote wawili kwa sauti mpaka zikatimia 23, ndipo nikampa hela yake.

Ile ya 15 nimeiweka kwenye memori kadi, nimeifunga ndani ya kitambaa. Mdogo wangu anasema atakuja Desemba.