Riviu ya taa mbili za kuchaji: ya elfu 12 na ya elfu 35, na zikishakufa zinaenda wapi

Watu wengi wakiriviu taa za kuchaji wanaangalia mwanga, inakaa masaa mangapi, ina sola au haina, basi wamemaliza. Mimi nimezitumia hizi mbili kwa muda wa kutosha nyumbani huku Mbagala ambako umeme ukikatika saa moja jioni unaweza usiuone tena mpaka watu wameshalala, na saivi swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji ni moja tu, hii inafunguka? Wengi wananishangaa. Mmoja pale Kariakoo aliniambia "sasa bosi wewe unataka taa au unataka kuifungua?" Nikamwambia vyote viwili.

Tuanze na ya elfu 12. Ni ile ya plastiki nyeupe yenye mshikio juu, taa za LED ndogo ndogo zimejaa mbele, na nyuma kuna pini unazichomoa unachomeka ukutani moja kwa moja bila waya. Jina siandiki, hizi taa zina majina kibao na ndani ni kitu kile kile. Kwenye mwanga siwezi kuionea, ni mkali kweli, watoto wanafanya kazi za shule mezani bila kugombania na ukiiweka juu ya kabati sebule nzima inapata. Mwanzoni inamaliza usiku. Alafu inaanza kupungua taratibu, masaa matatu, lisaa limoja, mwisho unaiwasha inang'aa kidogo na kufifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, na hapo ndio mwisho wake maana dukani hakuna anayekwambia kuna spea.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akaigeuza geuza akitafuta skrubu, hakuna hata moja, ganda limegandishwa kwa gundi pande zote, ikabidi atumie kisu cha moto na plastiki ikapasuka. Ndani kuna kijibetri cheusi cha volti 4 cha risasi (ile metali, lead) na tindikali, teknolojia ile ile ya betri ya gari ila ndogo. Boksi la taa limeandikwa mAh 4500 (hicho ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), betri yenyewe imeandikwa 900. Aisee nilicheka. Fundi hakucheka, akasema wote wanaandika hivyo.

Cha muhimu zaidi alichonionyesha ni upande wa chaji. Hamna transfoma ya kushusha umeme, umeme wa ukutani unapita kwenye kapasita moja na daiodi nne unaingia kwenye betri, basi. Hakuna kitu cha kusema betri imejaa sasa kata, na hakuna cha kusema betri imeisha sasa zima. Kwa hiyo ukiisahau ukutani siku nzima maji ya ndani yanakauka na betri inavimba, ukiiacha imeisha chaji wiki nzima kwenye kona risasi inaganda chumvi na haishiki tena chaji. Ukiitumia kama binadamu wa kawaida anavyotumia taa lazima ife mapema. (Na kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa transfoma, msije mkaifungua ikiwa imechomekwa, huo ni moto wa volti 230 unaugusa waziwazi.)

Sasa hapa ndipo bei ya elfu 12 inapoacha kuwa elfu 12. Kwetu taa mbovu inakaa juu ya kabati miezi, siku ya usafi inaingia kwenye kiroba, kiroba kinaingia kwenye gari la taka na gari linaelekea Pugu Kinyamwezi. Au inapita mikononi mwa vijana wa skrepa, na hao sio wajinga, wanajua kabisa kilicho na hela. LED hawazitaki, bodi ya taa ya bei hii haina dhahabu ya kumvutia mtu, plastiki inatupwa. Wanachukua waya kwa ajili ya kopa (shaba) na betri kwa ajili ya risasi. Waya unachomwa moto ili plastiki iondoke ibaki kopa, na ile PVC, plastiki inayofunika waya, ikiungua kwa moto mdogo namna ile inatoa daioksini, sumu inayoingia kwenye udongo, kuku anadonoa udongo, wewe unakula yai. Sio maneno ya kutishia watu, mwaka 2019 watafiti walitoa ripoti ya mayai ya kuku wa kienyeji waliyopima kule Agbogbloshie, Accra nchini Ghana, palipokuwa pakichomwa waya miaka na miaka, wakakuta mtu mzima akila yai moja tu anakuwa amepitisha mara 220 kiwango cha daioksini kinachovumilika kwa siku kwa vipimo vya Ulaya.

Na betri je? Betri inapasuliwa kwa nyundo, tindikali inamwagwa chini palepale, risasi inaenda kuyeyushwa. Anayetaka kujua hiyo risasi inafanya nini kwa watu aangalie Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007 ukutani kabisa mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo, mwanae akaumwa, kupima akakutwa na risasi kwenye damu. Akapambana mpaka kiwanda kikafungwa 2014, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikapinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Zile nyingi zilikuwa betri za magari, sawa, lakini risasi ni ile ile, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto unachoweza kukiita salama, inashusha akili na hairudi.

Mtu atasema kijitaa kimoja kina risasi kiasi gani bwana. Kidogo. Ila hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilikuwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki dunia nzima, na karibu theluthi moja ni hivi vitu vidogo vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vinavyookotwa vibaya, asilimia 12 tu ndio inakusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Kwa Afrika ukichukua taka zote za aina hiyo haifiki hata asilimia 1. Friji bovu mtu analiona, linamsumbua njiani, atatafuta wa kumuuzia. Taa inaingia kwenye kiroba na maganda ya ndizi.

Ya pili, ya elfu 35. Wife aliniuliza kama nimepewa na hati ya kiwanja. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa ile ya kwanza, niseme ukweli, na ni wa njano kidogo, kwa sebule kubwa haitoshi. Umbo lake baya, kama limekatwa na msumeno, swichi ni ngumu na iko upande wa chini ambako giza likiingia unapapasa. Chaja hawakupi, unatumia ya simu, taipu C, jambo ambalo mimi nimelipenda kwa sababu nyumbani chaja za simu zimejaa droo nzima na sihitaji nyingine ya kuja kutupa.

Lakini nyuma ina skrubu nne za kawaida, bisibisi ya nyota ya buku mbili inafungua. Ndani betri ni ya lithiamu saizi 18650, yani unene milimita 18 urefu 65, imekaa kwenye kitanda chenye springi wala haijachomewa. Inatoka na kuingia kama betri ya rimoti. Bodi inakata chaji ikijaa na inazima taa betri ikikaribia kuisha, vile vitu viwili ambavyo mwenzake hana. Hii yangu nimeshaibadilisha betri na taa imerudi kama mpya, ganda lile lile, LED zile zile, bodi ile ile, kilichotoka ni betri peke yake.

Alafu kuna kitu nilikuwa sikijui mpaka fundi aliponiambia, betri za laptop za zamani zilizokufa nyingi ndani zina hizi hizi 18650, kama sita hivi, na mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili tu, zingine bado zinadunda. Yeye anazipasua, anazipima moja moja, nzima anaziuza nusu bei ya mpya. Kwenye taa inayotumia betri moja hiyo inafaa sana. Kwa anayetaka kujiunganishia nyingi za kuokoteza nyumbani mwenyewe, asijaribu, lithiamu ikichanganywa nzima na mbovu inaweza kuwaka na maji hayasaidii kirahisi.

Iliyokufa kabisa ndio bado mtihani, huku mtaani kwetu hakuna ndoo wala duka linalopokea. Mimi ninazo kwenye kopo la plastiki, nimeziba ncha na tepu zisigusane, fundi amesema zikifika za kutosha ataunganisha na zake kuna mtu anazichukua kwa jumla. Anazipeleka wapi nitamuuliza, maana "anazichukua" peke yake sio jibu. Kenya wana WEEE Centre pale Nairobi wanapokea vitu hivi kihalali, Rwanda wana kiwanda kizima Bugesera. Sisi Tanzania kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021 ila mimi wa Mbagala na betri yangu mkononi sijaona mahali zinaponigusa.

Kwa ivo ya elfu 12 naipa nyota mbili, zote za mwanga. Ya elfu 35 nne, moja nimeikata kwa swichi na ubaya wa sura. Kama mfuko unaruhusu elfu 12 tu mwezi huu, kuna tochi ndogo za elfu 8 mpaka 10 zinazotumia hiyo hiyo 18650, kaichukue hiyo kuliko taa ya gundi. Na ukinunua betri ya spea kuwa makini, za maduka ya simu zimeandikwa mAh 9900 na rangi nzuri, hakuna 18650 inayofika huko, hata nzuri kwa kawaida inaishia 3500 hivi. Iweke mkononi, ya kweli inakaribia gramu 45, ukiona nyepesi kama haina kitu ndani mrudishie mwenyewe.