Lenzi ya fundi saa ya Kariakoo, na ua la zambarau kutoka Uswidi

Ni lenzi ndogo ya kukunja, ile wanayotumia mafundi saa na masonara. Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000 baada ya kutajiwa 18,000. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, na kwa mtu anayetaka kulijua ua badala ya kulipiga picha tu, sijaona kitu cha bei hiyo kinachoikaribia.

Kasoro kwanza. Kwenye chuma imechongwa 30X, yaani inakuza mara 30, na si kweli. Kitu huonekana vizuri kikiwa sentimita 2.5 kutoka kwenye kioo. Gawanya sentimita 25, umbali wa karibu ambao jicho la kawaida huona vizuri, kwa hizo 2.5, unapata 10. Ni lenzi ya mara 10. Kwa maua hiyo ndiyo inayofaa, maana ikizidi hapo unaona kieneo kidogo mno, na mkono ukitikisika umepoteza kila kitu. Lakini bado wameandika uongo. Skrubu ya mkunjo nayo hulegea, inabidi kuikaza mara kwa mara.

Thamani yake niliiona dada yangu anayeishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, aliponitumia shina lililokaushwa ndani ya gazeti, na maua yake ya zambarau iliyofifia. Programu ya simu ya kutambua mimea ilikuwa imempa majina mawili: Chamaenerion angustifolium, ambalo Waswidi huliita mjölkört, na Lythrum salicaria. Kwa mbali yanafanana, yote ni mashada marefu yaliyosimama wima. Lenzi ikamaliza ubishi: ni mjölkört. Petali ni 4, wakati Lythrum kwa kawaida huwa na 6. Majani yamepishana kwenye shina. Halafu geuza jani, lielekeze dirishani: mishipa ya pembeni haifiki ukingoni. Inakaribia, inapinda, inaungana na jirani yake, hadi ukingo wote una safu ya vitanzi. Kwa alama hiyo unautambua mmea hata kabla haujachanua.

Kilichonikalisha mezani mpaka usiku ni maua yenyewe. Mmea huu huchanua kuanzia chini kwenda juu. Maua ya juu, yaliyofunguka karibuni, yana stameni (viungo vya kiume) zenye chavua, na stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) iliyofumba bado. Kwenye ya chini stameni zimeshanyauka, na stigma imefunguka mikono minne iliyojikunja kwa nje. Nyuki huanzia chini akapanda, kwa hiyo chavua aliyotoka nayo kwenye mmea mwingine anaiacha kwenye stigma za chini, kisha akiruka kutoka juu amebeba mpya. Hatua zote hizo zilikuwa kwenye shina moja. Kidato cha tatu waliziangalia kwa zamu, na waliokuwa hawaniulizi kitu mwaka mzima walianza kuuliza.

Wala si lenzi ya maua ya ugenini tu. Mjölkört huko kwao huota kwa wingi msitu ukishaungua, na kando ya reli. Hapa Dar, kwenye mitaro na mabonde ya maji, tuna Ludwigia, yenye ua la njano la petali 4, familia ile ile ya Onagraceae. Chuma ua moja, tazama chini ya petali. Kile unachodhani ni kikonyo, kipasue kwa wembe: ni ovari, imejaa vijiyai. Mjölkört nayo iko hivyo hivyo, ila mbegu zake zina manyoya laini ya kupeperushwa na upepo, na za Ludwigia hazina.

Ukienda kununua, ijaribu dukani kwa kutazama nyuzi za shati lako. Ukiona rangi za upinde wa mvua pembezoni, omba nyingine. Ya plastiki usichukue, inakwaruzika upesi. Kuitumia, isogeze mpaka iguse nyusi, kisha ua ndilo ulilete kwenye lenzi. Wanafunzi wengi hufanya kinyume, wakasema haioni kitu.