Paka wa Kiajemi: ununue kwa nani, na nani umkimbie

Paka wangu wa kwanza wa Kiajemi nilikabidhiwa kwenye kituo cha mafuta jijini Nairobi, kupitia dirisha la gari ambalo injini yake haikuzimwa. Shilingi 15,000 kwa M-Pesa, paka ndani ya boksi la viatu, na kijitabu cha chanjo chenye muhuri uliofifia. Niliambiwa ana miezi mitatu. Siku ya tatu aligoma kula, ya tano akafa kwa kutapika na kuhara. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo, akasema huyu hajafika hata wiki saba. Nikampigia muuzaji. Mteja hapatikani.

Tangu hapo nina kipimo kimoja, na wala si urefu wa manyoya au ubapa wa pua. Najiuliza: paka akiugua mwezi wa tatu, nikapiga simu, nani atapokea? Kwa kipimo hicho nimewapanga wauzaji, kuanzia wa kuaminika kabisa.

1. Mfugaji anayekukaribisha kwake

Unaketi kwenye kochi lililojaa manyoya, na mama wa watoto anaingia sebuleni mwenyewe. Usipomwona mama, hujaona kitu. Ukiambiwa "mama yuko kwa dada yangu Thika", aga uende zako.

Watazame wakicheza kabla hujamshika yeyote. Aliyejikunyata pembeni usimchukue kwa huruma. Huruma ndiyo biashara yao. Kisha mmoja mmoja: ndani ya masikio, uchafu mweusi kama unga wa kahawa ni dalili ya utitiri. Inua mkia, pawe pakavu na safi. Papasa nyuma ya masikio na kwenye miguu ya mbele. Kiraka kisicho na manyoya huenda ni mapunye, ambayo paka wa Kiajemi huyabeba sana, na yatahamia kwa wanao kabla hujamaliza kumpa paka jina.

Halafu macho. Paka wote huzaliwa na macho ya bluu, na rangi huanza kugeuka karibu wiki ya sita au ya saba. Ukiambiwa ana miezi mitatu na macho bado yana ubluu wa utoto, mwongo si paka. (Weupe wengine, na wale wenye uso mweusi kama wa paka aina ya Siamese, hubaki na macho ya bluu maisha yao yote. Na mweupe wa macho ya bluu mpigie makofi kwa nyuma uone kama anageuka, maana wengi wao ni viziwi.) Chama cha wafugaji paka cha Uingereza, GCCF, hakitaki mtoto atoke kwa mfugaji kabla ya wiki 13, na sioni sababu ya sisi kutaka pungufu.

Kijitabu cha chanjo kiwe na stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa, tarehe, na muhuri wa daktari mwenye namba ya usajili. Kwa Kenya namba hiyo utaiulizia Bodi ya Veterinari, kwa Tanzania ni Baraza la Veterinari. Ukikuta mtoto wa wiki sita kagongewa muhuri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, jua kijitabu kimejazwa mezani, kwa sababu chanjo hiyo kwa kawaida haitolewi kabla ya wiki ya 12.

Hati ya nasaba nayo? Hutolewa na vyama kama CFA ya Marekani, kilichoanza mwaka 1906, au TICA cha mwaka 1979. Omba namba ya usajili, uwaandikie mwenyewe. Wafugaji wengi wa kwetu hawana hati, na si kosa. Kosa ni kutoza bei ya hati ilhali hati haipo. Tena hati inakuambia babu yake ni nani, haikuambii figo zake zikoje. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi unaojaza vifuko vya maji kwenye figo, PKD, na mzazi mmoja mwenye jeni hiyo anatosha kuirithisha kwa wastani nusu ya watoto wake. Kipimo cha DNA ni pamba ya kupangusa ndani ya shavu, inatumwa kwa posta hadi maabara za nje kama ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Mfugaji aliyewapima wazazi atakuonyesha majibu hata kabla hujauliza. Ukiona PKD ndiyo kwanza anaisikia kwako, siyo lazima awe tapeli, lakini mshushe daraja.

2. Paka mzima aliyestaafu kuzaa

Hili watu hawalifikirii, nami nalipenda kuliko yote. Mfugaji mzuri humpumzisha jike wake angali na nguvu, akamfunga kizazi na kumtafutia nyumba. Tabia yake unaiona, figo zake zinapigwa picha ya ultrasaundi, na hakwei mapazia. Utaukosa tu utoto wake.

3. Vituo vya kuokoa wanyama

KSPCA Nairobi na wenzao. Mara nyingine huletwa paka wa manyoya marefu ambaye mwenyewe alichoka kumchana. Na kumchana ni kila siku, ndugu yangu. Ukiruka wiki moja manyoya ya tumboni yanakuwa mkeka.

4. Jirani ambaye paka wake kazaa

Mara nyingi ni mkweli, ila hajui alichonacho. Jeni ya manyoya marefu hujificha, kwa hiyo paka wawili wa kawaida kabisa wa mtaani wanaweza kuzaa mtoto mwenye manyoya ya kuburuza. Manyoya hayathibitishi Uajemi. Mlipe gharama ya chanjo na chakula, mshukuru, yaishe.

5. Duka na vizimba vya barabarani

Hapa ndipo walanguzi wanapomwaga mzigo. Watoto kutoka nyumba kumi wanalala kizimba kimoja, na virusi vya panleukopenia, ambavyo nadhani ndivyo vilivyoniulia wangu, hukaa kwenye sakafu kwa miezi kadhaa, hata mwaka. Sanitaiza haiviui, Jik inaviua. Uingereza ilikata mzizi huu Aprili 2020: duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa paka wala wa mbwa wa chini ya miezi sita. Kwetu bado tunamlipa dalali na kumwita "boss".

6. Tangazo la mtandaoni na "tuma nauli kwanza"

"Dada, huyu ni wa mwisho, kuna mtu yuko njiani." Mwambie akupigie simu ya video sasa hivi, aweke kijiko kando ya paka. Kwa nini kijiko? Kwa sababu picha za wizi hazina kijiko chako. Wengi hukata simu hapo hapo.

Wale wa masikio yaliyokunjwa, Scottish Fold, sijawaweka daraja lolote. Jeni inayokunja sikio ndiyo inayoharibu gegedu na viungo vyao, na GCCF iliacha kuwasajili tangu miaka ya 1970. Usinunue hata kwa mfugaji mwenye adabu. Na kama ni jina kubwa unalolitaka, kuna paka wa Sokoke, aliyetoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ambaye Wagiriama wanamwita khadzonzo. FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya paka, ilimtambua mwaka 1993. Leo ukimtaka mwenye hati, inakubidi uandikie wafugaji wa ng'ambo. Tucheke au tulie?

Na wewe unayeuza

Jike wangu alizaa watoto wanne kabla sijamfunga kizazi, kosa langu. Nilikaa nao wiki 13, wakachanjwa mara mbili, wawili wakafika umri wa kuhasiwa wakiwa bado kwangu. Simu ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyeuliza mambo mawili: bei ya mwisho, na "jike anaanza kuzaa lini?" Nikamwambia wameisha. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa Ruaka. Aliuliza anakula nini, anaogopa nini, na kama wavu wa dirisha la ghorofa ya nne utamzuia. Tukaandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: akishindwa kumtunza, anarudi kwangu, hauzwi wala hatolewi.

Mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku, paka kameza uzi. Nilipokea.