Huduma ya kulinganisha ramani kabla ya ujenzi: nyota nne, ya tano wameiachia kwenye umeme

Kama unajenga ghorofa na ramani zako zimechorwa na watu tofauti, msanifu kivyake, injinia wa nguzo na bimu kivyake, fundi bomba naye ana kikaratasi chake, hii huduma ilipie kabla hujasuka nondo hata moja. Mi nimefanya na ofisi moja hapa Dar, jina siweki msije mkasema nimelipwa.

Wanachukua faili zenyewe za CAD, yaani zile za programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta (PDF walizikataa), wanazilaza moja juu ya nyingine kwenye gridi ileile, kila fani na rangi yake, halafu wanakuonyesha zinapogombana. Aisee. Nguzo ya B3 (namba yake kwenye gridi) ilikuwa imesimama katikati ya mlango wa jiko! Kumbe msanifu aliuhamisha mlango kwenye rivisheni C, yaani toleo jipya la ramani, na injinia bado anapiga kazi na rivisheni A, hamna aliyemtumia mpya, so kila mtu kwenye karatasi yake yuko sahihi kabisa.

Iliyonimaliza ni ngazi. Msanifu kaandika sakafu hadi sakafu milimita 3000, step 18, kila moja kama milimita 167. Injinia kaandika 3150, maana kajumlisha unene wa slebu 150 juu ya namba ambayo tayari ilikuwa na slebu ndani. Sasa mwaga zege hivyo uone, step ya mwisho juu inakuja 317, mama mkwe anapandaje hapo? Na bomba la choo la inchi 4 lilikuwa linatoboa bimu ya chini ya bafu, na fundi tunamjua, angetindua tu akate na nondo, "bosi tutaziba".

Nilichopenda hawachori upya wenyewe, makosa wanayarudisha kwa msanifu na injinia kila mtu arekebishe la kwake asaini, ndo inatoka seti moja na zile za zamani zinagongwa muhuri IMEFUTWA. Seti yenyewe wanaprinti kwenye karatasi kubwa ya A1. Fomani wangu alikuwa na zile zilizopunguzwa kuwa A3, ambapo skeli ya 1:50 inageuka 1:100, na yeye ni mtu wa kupima kwa rula.

Umeme sasa, hapo waliangalia juu juu tu. DB, lile boksi la kugawia umeme, ilibaki kwenye ukuta ambao kwenye ramani mpya ni dirisha, fundi umeme ndo kaiona. Na ripoti imejaa Kizungu kigumu, mafundi saiti hawakuambulia kitu ikabidi niwaite waje kuelezea, nauli juu yangu.

Bei laki nane, iliniuma ila kuvunja ile nguzo na kuirudia kungeniuma zaidi. Walisema wiki moja zikawa mbili, eti injinia hapokei simu. Hilo nawaamini, hata zangu hapokei.